Maswali yenu: mabinti ambao rejista haiwajui

Toleo lililopita tuliwauliza swali moja tu, huko kwenu kijijini mabinti ambao hawapo shule wako wapi, na tukaomba mtujibu kwa mlichokiona wenyewe sio mlichosikia redioni. Aisee mmeandika. Sitaweza kujibu zote, nimechukua sita ambazo naona zinagusa watu wengi, na majina ya watu na shule nimeyatoa yote maana wengine mmetaja mpaka nyumba ya mtu.

SWALI: Habari dada mhariri. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku Kishapu. Kila kikao mwalimu mkuu anatusomea mahudhurio na siku zote ni mazuri tu, lakini nikitoka hapo njiani nakutana na mabinti wanachunga, wengine wanaosha vyombo kwa mama lishe, na wawili watatu nawajua wameshaolewa. Sasa nani muongo, mwalimu au macho yangu? – Mjumbe, Kishapu

JIBU: Hakuna muongo hapo mjumbe. Mwalimu anahesabu waliomo kwenye rejista na anasema ukweli kuhusu hao. Shida ni kwamba binti ambaye hakuandikishwa kabisa hayumo, aliyehamishiwa kwa bibi yake na huko hakupelekwa shule hayumo, na aliyekuwa mtoro mpaka jina likafutwa hayumo tena. Na cheki hii, siku jina la mtoro linafutwa asilimia ya mahudhurio inapanda! Shule inaweza ikapoteza mabinti mwaka mzima huku takwimu zake zinazidi kupendeza, na wala hakuna aliyechezea karatasi.

Kwahiyo hesabu lazima ianzie nyumbani. Wala sio kitu kigeni, watu wa mpango wa Uwezo walipoanza kupima kusoma na kuhesabu hapa kwetu Tanzania, Kenya na Uganda miaka ile ya 2009 na 2010 hawakuishia shuleni, walienda mlango kwa mlango wakampima mtoto pale uani, awe anasoma au hasomi. Wazo lenyewe walilitoa India kwenye zoezi linaitwa ASER ambalo linafanyika tangu 2005.

Na India hiyohiyo kuna shirika linaitwa Educate Girls, alilianzisha mama mmoja Safeena Husain mwaka 2007 kule Rajasthan, wilaya ya Pali, ambako binti wa kijijini kuozwa mapema ni jambo la kawaida. Silaha yao kubwa ni vijana wa kujitolea wa kijiji hichohicho wanaopita kaya kwa kaya na fomu kuandika kila binti ambaye hasomi, halafu wanarudi tena na tena mpaka mzazi akubali au awachoke. Kati ya 2015 na 2018 walifanya kitu cha kijasiri wilaya ya Bhilwara, taasisi moja (UBS Optimus Foundation) ikatoa hela ya kazi, nyingine (CIFF) ikaahidi kuirudisha na faida ikiwa tu matokeo yataonekana, na mhesabuji akawa mtu wa tatu kabisa, IDinsight. Mwisho wa miaka mitatu asilimia 92 ya mabinti waliokuwa wameorodheshwa hawasomi walikuwa wameandikishwa. Upande wa kujifunza miaka miwili ya kwanza walikuwa nyuma ya lengo, tena nyuma sana, ila kwa sababu walikuwa wanapima kila mwaka waliliona hilo mapema wakabadilisha namna ya kufundisha, wakawapanga watoto kwa anachojua sio kwa darasa alilopo, wakawa wanawafuata nyumbani watoto wasiokuja, na wakamaliza na asilimia 160 ya lengo. Mwaka 2025 wakapewa tuzo ya Ramon Magsaysay, moja ya tuzo kubwa za Asia.

Sasa nyie Kishapu hamhitaji wafadhili wawili na mkaguzi. Nunueni kaunta buku moja, gaweni vitongoji, kila mjumbe na mabalozi wake. Andikeni kaya, mtoto, umri, darasa la mwisho alilofika, aliacha lini, na sababu. Mambo matatu tu myashike kwa sababu hapo ndipo kazi inapoharibika.

Kwanza umri. Ukiuliza ana miaka mingapi utapewa namba ya kukuondoa hapo mlangoni, omba kadi ya kliniki, na kama haipo uliza sensa ile ya Agosti 2012 mtoto alikuwa ameshazaliwa au bado, anatambaa au anatembea, mama atakumbuka. Pili usiulize watoto wanaoishi hapa, uliza watoto wote mliowazaa hata wasiolala hapa, maana binti aliyepelekwa Mwanza au Dar kuwa dada wa kazi hatatajwa hata siku moja kwenye orodha ya wanaoishi hapa. Na la tatu ndilo kubwa, sababu muandike mara mbili, ya mzazi na ya binti mwenyewe, na muwaulize kila mmoja kivyake. Nilikuwa karani kwenye zoezi kama hili zamani kidogo, mama mmoja akaniambia bila kupepesa macho kwamba mwanae shule haitaki yeye mwenyewe, halafu binti nikamkuta kisimani akanieleza kuwa sketi ilichanika nyuma, wavulana wakamcheka, akaambiwa asubiri pamba iuzwe, pamba ikauzwa na sketi haikununuliwa. Ukiandika jibu la mama peke yake unaita mkutano wa kuhamasisha. Ukiandika na la binti unatafuta sketi.

SWALI: Mambo vipi. Nafanya kazi na asasi ndogo hapa Singida, tuna mfadhili anataka tugawe pedi kwenye shule zote za kata kwa sababu anasema hedhi ndio inawatoa wasichana shule. Mimi sijapinga ila moyoni najiuliza, ni kweli? – Afisa mradi, Singida

JIBU: Swali zuri na wengi wanaogopa kuliuliza kwa sababu ukihoji pedi unaonekana huna utu. Binti kupata pedi ni heshima yake na afya yake, hilo halihitaji utafiti wa mtu yeyote, mpeni. Lakini kama kwenye ripoti mtaandika lengo ni kupunguza utoro basi pimeni kwanza, msije mkamaliza bajeti na utoro uko palepale.

Chitwan huko Nepal, watafiti wawili Emily Oster na Rebecca Thornton waliwagawia wasichana vikombe vya hedhi (vile vinavyovaliwa ndani badala ya pedi) kwa bahati nasibu, wengine wakapata wengine hawakupata, kisha wakafuatilia nani kaja shule siku gani. Wakakuta hedhi ilikuwa inachukua chini ya nusu siku kwa mwaka mzima wa masomo, na vikombe havikubadilisha mahudhurio, japo wasichana wenyewe walivipenda na wakaendelea kuvitumia. Hiyo ni Chitwan, Singida inaweza kuwa tofauti kabisa, shule yenu labda haina maji wala mlango kwenye choo, na ndio maana nasema pimeni kwenu.

Kupima sio kazi ngumu. Chukueni rejista za miezi miwili mitatu, kila siku binti asipokuja mwalimu wa malezi amuulize akirudi, kwa faragha, aandike neno moja tu, ugonjwa, kazi, mdogo wake, sare, michango, hedhi, mbali, njaa. Mwisho wa muhula mjumlishe. Mkikuta hedhi iko juu nendeni kwa mfadhili na hiyo karatasi, mkikuta iko chini ya michango na kazi za nyumbani nendeni nayo vilevile, mfadhili mwenye akili atabadilisha na asiye na akili mtakuwa mmemjua.

Na sare msiidharau. Magharibi mwa Kenya walijaribu kuwapa watoto wa msingi sare za bure, shule zikachaguliwa kwa kura, na baada ya miaka mitatu mabinti walioacha shule walishuka kutoka kama 19 kwa kila 100 mpaka 16, na waliopata mimba wakashuka kutoka 16 mpaka 13. Hakuna aliyewahubiria hapo, ni kitambaa na uzi tu vimefanya kazi hiyo. Kwetu ada ilifutwa kuanzia Januari 2016 mpaka kidato cha nne, ambacho ni kitu kikubwa, ila sare, daftari na viatu bado viko mfukoni mwa mzazi, na mzazi mwenye watoto wanne akikosa hela ya sare nne sote tunajua nani atasubiri.

SWALI: Hujambo bi mhariri. Mie naishi Ganze, Kilifi. Shule ya msingi i karibu, lakini ya juu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu kupita msituni, na wale vijana wa bodaboda wanambeba msichana bure leo ili kesho amlipe kwa jambo jengine. Nimemzuia binti yangu na watu wananiona mjinga. Nifanye nini? – Mzazi, Ganze

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwanza wewe sio mjinga, umefanya hesabu ya hatari na hesabu yako iko sawa, kilichobaki ni kuiweka mezani kwa watu wenye hela ya kaunti.

Umbali ndio kitu chenye ushahidi mwingi kuliko vyote kwenye habari hii ya mabinti. Mkoa wa Ghor, Afghanistan, mwaka 2007 vijiji vilichaguliwa kwa kura, baadhi vikapata shule ndogo ya palepale kijijini mwaka huo na vingine vikasubiri mwaka mmoja. Penye shule kijijini walioandikishwa waliongezeka kwa pointi 35 za asilimia kwa wavulana na 52 kwa wasichana, yaani lile pengo kati ya kaka na dada lilikaribia kuisha kwa sababu tu ya kufupisha njia. Wazazi walewale, mila zilezile, dini ileile. (Leo hii huko huko msichana akimaliza darasa la sita serikali inamfungia mlango, inauma, maana ushahidi wenyewe ulitoka kwa mabinti wao.)

Ambako shule haiwezi kusogezwa, walisogeza miguu. Jimbo la Bihar, India, kuanzia 2006 kila msichana anayeingia darasa la tisa alipewa hela ya kununua baiskeli, na watafiti walipolinganisha na jimbo la jirani la Jharkhand ambalo halikuwa na mpango huo wakaona uandikishaji wa wasichana sekondari umepanda kwa asilimia 32, na faida kubwa ilikuwa kwa waliokaa zaidi ya kilomita 3 kutoka shule. Walikuwa wanaendesha kwa makundi, wasichana kumi njia moja, na hilo lilibadilisha hata macho ya wanakijiji. Zambia nao waligawa baiskeli kwa wasichana wa vijijini, muda wa njiani ukapungua kwa kama theluthi na utoro ukapungua zaidi ya robo.

Sasa wewe na wazazi wenzio fanyeni hivi, siku moja asubuhi mtembee ile njia na mabinti, simu iwe na GPS imewashwa, muandike kilomita, dakika, na kila pahala penye hatari, msitu unaanzia wapi, mto unapitika mwezi gani, bodaboda wanakaa wapi. Halafu hesabuni mabinti wangapi kwenye vijiji vinavyopitia njia hiyo wamemaliza msingi na hawaendi kokote. Karatasi hiyo mpelekeeni chifu na MCA wenu, yule mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, hasa kipindi kaunti inapokusanya maoni ya bajeti, nakala mbaki nayo. Ombeni kitu kimoja, basari ya bweni au baiskeli au basi la asubuhi, msiombe vyote kwa pamoja mtaambiwa vitafanyiwa kazi. Na wale vijana wa pikipiki nao wana chama chao na mwenyekiti wao, mwiteni kwenye kikao huku karatasi iko mezani.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Geita. Kila mwaka tunaleta wageni kuwaambia wasichana wajitunze, wajizuie, na kila mwaka tunapoteza wengine kwa mimba. Tunakosea wapi? – Mwl., Geita

JIBU: Mwalimu, mnawaambia kitu wanachokijua na kuwanyima wasichokijua. Magharibi mwa Kenya mwaka 2004 mchumi Pascaline Dupas alifanya jambo dogo sana kwa wasichana wa darasa la nane, kipindi cha dakika 40, video fupi, na ubaoni zikaandikwa takwimu za maambukizi ya VVU kwa umri wa mwanaume, kwamba yule mtu mzima mwenye hela na pikipiki ana hatari kubwa kuliko kijana wa umri wako. Basi. Mwaka uliofuata mimba zilipungua kwa asilimia 28 ukilinganisha na shule ambazo hazikupata kipindi hicho, na zilizopungua zaidi ni zile za wanaume wakubwa. Somo la kawaida la kujizuia, lile la mtaala, halikupunguza kitu. Kwahiyo mgeni mwingine akija muombeni alete namba za mkoa wenu kwa rika, kituo cha afya wanaweza kuwasaidia kuzielewa, na mumpe kipindi kimoja tu.

SWALI: Habari za kazi. Kuna kiongozi ametuagiza walimu tutume majina ya wanafunzi wote wenye mimba kwenye grupu la WhatsApp la kata ili yatumike kama takwimu. Grupu lina watu zaidi ya mia. Mimi roho inasita. – Jina limehifadhiwa

JIBU: Isite hivyohivyo, usitume. Jina la mtoto kwenye grupu la watu mia linakuwa umbea wa kata nzima kabla ya saa saba mchana na binti huyo hatarudi shule tena hata akibebwa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo imeanza kutumika Mei 2023, Kenya wana ya kwao tangu 2019, na habari za afya ya mtoto ni kati ya zile zinazolindwa zaidi.

Kiongozi anachohitaji kwa ajili ya kupanga ni idadi, basi mpe idadi, wangapi, kidato gani, robo gani ya mwaka. Hata idadi nayo angalia, ukiandika kitongoji fulani mmoja wa darasa la sita umeshamtaja, kwahiyo changanya vitongoji mpaka isijulikane ni nani. Majina yabaki kwa mtu mmoja, kwenye daftari lililofungiwa. Na mtoto mwenye mimba ni kesi, hiyo inaenda dawati la jinsia na watoto polisi na kwa afisa ustawi wa jamii, kwa njia ya kiofisi, sio kwenye grupu lenye picha za harusi na matangazo ya mbuzi. Mjibu kiongozi kwa barua, ya heshima, ukitaja sheria. Wengi wao hawajui tu.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi niliacha shule 2019 nikiwa form two kwa sababu ya ujauzito, mtoto sasa mkubwa anasoma chekechea yeye. Nasikia watu wanasema tunaruhusiwa kurudi lakini hakuna aliyewahi kuja kuniuliza kama nataka. Nataka. – Mama mdogo, Kaliua

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ulipoacha ilikuwa bado imekatazwa, na ruhusa ilitangazwa tarehe 24 Novemba 2021 na Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, ila utaratibu ule uliwalenga zaidi waliokuwa ndio kwanza wameacha. Wewe miaka imekwenda kwahiyo darasa la kawaida na sare litakuwa gumu kidogo, na kusema kweli sio njia bora kwako.

Njia yako ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Wana mpango kwa ajili ya mabinti kama wewe walioacha sekondari, form one na two mnasoma kwa mwaka mmoja, three na four mwaka unaofuata. Katikati unafanya mtihani wa maarifa, wanauita QT, ukifaulu unaruhusiwa kujisajili mtihani wa form four kama mtahiniwa wa kujitegemea, na cheti ni cha Baraza la Mitihani (NECTA) kama cha mwenzio yeyote. Nenda Tabora ofisi ya mkoa ya taasisi hiyo ukamuulizie mkufunzi mkazi, au anza kwa afisa elimu watu wazima hapo halmashauri ya Kaliua, akuambie kituo cha karibu kiko wapi.

Ukifika uliza vitu vinne kabla hujajiandikisha: masomo ni saa ngapi, kama kuna sehemu ya kuacha mtoto anapotoka chekechea mapema, ni gharama gani utatoa mwenyewe hata kama ada hakuna, na muhula unaanza mwezi gani. Beba cheti chako cha kumaliza la saba, kama kimepotea tafuta namba yako ya mtihani kwenye shule uliyosoma, wanayo. Na kama wapo wenzako hapo kijijini wenye hali kama yako nendeni pamoja, mkiwa kundi ni rahisi zaidi kuomba kituo kisogezwe karibu yenu. Ukikwama popote, hasa kwenye hela ya kujisajili mtihani, tuandikie kabla dirisha la usajili halijafungwa.